Nguo za Kwendea Kliniki

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi, Malindi, nilifika nimekwisha kuvaa glavu. Tabibu mkuu, mwanamume mfupi mwenye sauti ya chini, alizitazama, akasema, "Sista, zivue. Glavu zina kazi yake penye usaha na damu. Kuamkiana si mahali pake." Akamwita mgonjwa wa kwanza, mzee mwenye viganja vilivyopasuka, akampa mkono na kuuacha kiganjani mwake huku akimuuliza habari za nyumbani. Mzee alipotoka, tabibu alinieleza kwamba ugonjwa ule hauambukizi, ila majirani hawajui, na sisi tukimwogopa tunawathibitishia.

Nawaandikia ninyi mnaoianza kazi hii leo, hasa mtakaowahudumia watoto wenye pumu ya ngozi. Ndiyo iliyonichukulia sehemu kubwa ya maisha. Ngozi huwa kavu, nyekundu au nyeusi kuliko kawaida, huwasha mno. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni, akikua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Hutulia, halafu huchachamaa tena. Mara nyingi nyumba hiyohiyo ina mtu mwenye pumu ya kifua. Dawa ya kuimaliza hatukuwa nayo. Tulikuwa na mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ya kupaka kila siku mtoto akitoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Na tulikuwa na marhamu ya steroidi, ya kupaka kidogo palipochachamaa, kwa muda aliopanga tabibu. Mafuta ni ya siku zote, marhamu ni ya siku mbaya. Wengi waliyageuza.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya cha Vitengeni, ambako maji yalikuja kwa madumu mgongoni mwa punda. Muuguzi msimamizi wa pale, mama mkali asiyependa maneno mengi, alinisikia nikimwagiza mzazi amwogeshe mtoto asubuhi na jioni. Akaniita kando. "Umemuuliza maji anayapata wapi?" Sikuwa nimemuuliza. "Basi umetoa amri, hujatibu." Tangu hapo nikawa mtu wa kuuliza mambo ya nyumbani kabla ya kufungua kabati la dawa. Tabia hiyo nilirudi nayo Malindi.

Ndipo nilipomkuta Zuhura. Alitoka Ngomeni, mke wa mvuvi, watu wenye asili ya visiwa vya kaskazini, na mwanawe Athman hakuwa ametimiza miaka miwili. Kila siku ya kliniki mtoto alifika mwekundu, akijikuna shingo hadi damu. Na kila mara Zuhura alisema neno lilelile: "Wallahi, nyumbani alikuwa mzuri."

Tabibu mkuu alimwamini nusu. "Mafuta unampaka, mwanangu?"

"Nampaka, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nikuapie vipi?" Machozi yakamlengalenga. Akanigeukia mimi. "Sista, mavyaa asema hii ndiyo safari ya mwisho. Asema kila mtoto akija hospitali hurudi mbaya, basi dawa yenu ndiyo imlayo. Ataka tuziache zote, apikiwe majani na kuogeshwa chumvi."

Chumvi juu ya ngozi iliyochubuka! Nilijua mtoto angeumia. Lakini maneno ya yule mavyaa, mama wa mumewe, yalinikaa kichwani. Hakuwa amebuni kitu. Na sisi tulikuwa tumeona vilevile: mtoto alikuwa mbaya kila siku ya kliniki. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa pia ameziona siku nyingine. Nikaomba ruhusa kwa tabibu, nikaenda Ngomeni siku isiyo ya kliniki, bila kupeleka habari.

Niliwakuta uani. Athman alikuwa kifua wazi, anachezea kifuu cha nazi, na ngozi yake laini kama ya mtoto yeyote. Zuhura alikuwa amesema kweli.

"Shikamoo, Bi Shee," nilimwamkia mavyaa wake.

"Marahaba. Waja kuninyang'anya mjukuu?"

"Naja kumtazama tu. Mbona leo mzuri hivi?"

"Si hajaja kwenu!" Akacheka kwa kejeli, lakini akanivutia kibao nikae.

Nikamwomba anieleze asubuhi ya kliniki inavyokwenda, tangu mtoto anapoamka. Alieleza kwa fahari. Mtoto huogeshwa kwa sabuni ya manukato, akasuguliwa vizuri. Kanzu yake ndogo huwa imelala juu ya kikapu cha ukindu, na chini ya kikapu kuna chetezo chenye makaa na udi, hadi moshi uingie kila uzi. Kisha huvikwa na kufungwa kilemba, wakaabiri gari hadi mjini juani.

"Kila siku humfukizia?"

"Kila siku udi? Kwani ana harusi? Ni siku ya kwenda kwa daktari."

Nikakumbuka jambo. Pale kliniki sote tulizoea kuwasifu. Tabibu mkuu mwenyewe alikuwa akisema, "Watu wa Ngomeni wanajua kuja hospitali," kila Zuhura alipoingia akinukia.

Nikamwambia Bi Shee taratibu kwamba udi haukuleta ugonjwa. Mtoto alizaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huo. Lakini moshi, sabuni ile, kusuguliwa na jasho la safari vinaiudhi ngozi kama yake, na vyote vilikutana siku moja. Alimtazama Zuhura, akanitazama mimi.

"Kwani nyinyi mwataka tuje twanuka samaki?"

"Samaki hana neno, Bi Shee. Ngozi ya Athman haijamshitaki samaki."

Zuhura alicheka wa kwanza, akajiziba mdomo kwa leso. Mavyaa alimtazama kwa jicho kali, halafu naye akashindwa. "Haya. Nimlete kama mtoto yatima, mnicheke mjini."

Siku ya kliniki iliyofuata alimleta mwenyewe, na Zuhura nyuma yake. Mtoto alivaa fulana ya pamba iliyopauka, anang'aa mafuta, shingo haina mkwaruzo. Bi Shee aliinamisha uso kama aliyeingia karamuni na nguo za jikoni. Tabibu mkuu, ambaye nilikuwa nimekwisha kumweleza, alisimama, akampokea Athman kifuani na kusema, "Sasa hawa ndio wanaojua kuja hospitali." Habari ya majani na chumvi haikusikika tena.

Siku mbaya zilikuja bado, kama zinavyokuja kwa wote, na marhamu yalifanya kazi yake.

Nimestaafu sasa, naishi Mnarani. Vijana huniuliza ni dawa gani mpya inayofaa, nami huwajibu kwamba zipo, wamuulize tabibu; mimi nitawauliza mtoto huvaa nini akija kwenu.

Juzijuzi nilialikwa Ngomeni. Athman alikuwa anaoa. Ukumbi mzima ulifuka udi, na Bi Shee, sasa haoni vizuri, alikuwa ameketi mlangoni kumpokea bwana harusi. Alimvuta mjukuu, akainusa kanzu yake begani. Ilikuwa imefuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani, basi.

"Hanuki kitu," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Mpelekeni kwa mkewe."