Udongo Wetu Ndani ya Tanuri ya Stima

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni chini kwanza na mtoe hizo waya masikioni. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo nitaandika vile naongea, na mtu asinirekebishe kabla sijamaliza.

Nyumbani kwangu ni upande wa Naitiri. Chini ya shamba, karibu na mto, kuna mahali pa udongo mweusi. Mama mkwe wangu alichimba hapo, na mimi nikachimba baada yake. Vyungu vyetu tulipeleka soko ya Bungoma mpaka sufuria na mitungi ya plastiki ikatufukuza. Mwaka huu kijana wangu akaja kuniambia ati amepata watu wa matofali, wanataka hapo mahali pote.

"Huo udongo umekaa bure, mama," alisema. "Watakuja mwisho wa mwezi."

"Bure kwa nani?"

"Si hakuna mtu ananunua chungu siku hizi."

Hapo hakudanganya.

Wiki hiyo nilienda Kitale kutafuta dawa ya ng'ombe. Nikipita barabara ya nyuma, nikaona duka limechorwa chungu ukutani. Nikaingia, na dawa ya ng'ombe ikatoka kichwani hapo hapo. Mbele kulikuwa na rafu za udongo umefungwa kwa plastiki kama mikate, mwekundu, wa kijivu, mweupe. Kulikuwa na mikebe ya unga wa kupaka vyungu ving'are, rangi nyingi kuliko vitenge vya sokoni. Na nyuma, watu wamekaa kwa magurudumu ya stima, udongo unazunguka katikati ya mikono yao na kupanda juu kama kitu kina uhai. Moyo wangu ulianza kupiga mbio mpaka nikafikiri ni presha.

"Hii matope ni ya kuuza?" nikauliza msichana wa kaunta.

"Ndio, shosho. Huu unatoka Nairobi. Huu mweupe unatoka nje ya Kenya."

"Mtu anavuka bahari amebeba matope?"

Alicheka mpaka akaenda kumwita mwenye duka. Huyo ni mama kijana, watu wao walitoka upande wa kati wakanunua shamba hapa Trans-Nzoia zamani. Alinipa kiti, naye pia akaniita nyanya, kwa lugha yao cucu, akaniuliza nimekuja na nini. Nikamwambia sijakuja na kitu, lakini nyumbani nina udongo unashinda hiyo yake yote.

"Basi lete gunia moja tuchome tuone," akasema. "Huo udongo ukivumilia tanuri, nitakuwa nachukua kwako. Huu wa mbali unanichelewesha sana."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama msichana. Nikamwambia kijana wangu watu wa matofali wangoje.

"Wangoje nini?"

"Wangoje tanuri."

"Mpaka mwisho wa mwezi tu, mama. Nimewapa neno langu."

Sasa sikieni vizuri. Udongo wetu haufinyangwi vile umetoka chini. Kuna kitu kinachanganywa. Mama mkwe alinifundisha akiwa amefunga mlango wa ghala, akaniambia kile kinaingia ndani haambiwi mtu wa nje. Bwana yangu alikufa bila kujua. Kwa hivyo nilichanganya mwenyewe, mlango umefungwa, nikakanda, nikang'ata kidogo na meno vile napima siku zote, nikaridhika. Nikapeleka gunia Kitale likiwa tayari, na sikusema neno.

Baada ya wiki mbili wakaniita. Tanuri yao ni kama pipa kubwa lenye kifuniko, na waya za stima zimezunguka ndani. Fundi wa tanuri ni mwanaume mrefu wa Bungoma, mtu wa kwetu kabisa. Alifungua kifuniko polepole, na sisi wote tukainama.

Walikuwa wamefinyanga vyungu vitatu. Vyote vimepasuka. Vipande vimeruka vikavunja mpaka vikombe vya mteja mwingine.

"Pole, cucu," mwenye duka akasema. "Siwezi kuuza udongo wa kupasuka."

Kwa mawazo niliona matofali yamepangwa mtoni kwangu, safu kwa safu. Nikauliza kama kuna udongo ulibaki. Msichana wa kaunta akaleta ndoo. Nikachota kidogo, nikatia mdomoni, nikang'ata.

"Shosho anakula udongo," msichana akamnong'oneza fundi.

Ulikuwa laini kama uji wa mtoto. Meno hayakupata kitu.

"Nani amegusa huu udongo?"

Fundi akasimama wima, amejaa furaha, akaniita nyanya kwa lugha ya kwetu. "Ni mimi, kukhu. Urikuwa na vimawe vimawe. Nikauchuja mara mbiri na ile chekecheo ndogo kabisa. Nilitoa uchafu karibu nusu debe."

"Ukapeleka wapi?"

"Nikamwaga hapo nje, penye gari zinateleza."

Nilitaka kumchapa. Lakini angejuaje, na mimi sikusema? Kusema ni kuvunja neno la mama mkwe, na huyo mama alikuwa mkali kunishinda. Hata leo, akiwa kaburini, namwogopa. Kunyamaza ni kupeana mto kwa watu wa matofali, na udongo ukiisha, hiyo siri nitaichanganya na nini? Nikasema.

"Huo si uchafu. Ni vyungu vizee. Chungu kikivunjika kwetu tunakisaga, tunachanganya na udongo mpya. Hicho ndicho kinashika moto."

Wakaangaliana. Mwenye duka akaenda kwa rafu, akarudi na mfuko wa plastiki, akaniwekea mkononi. Nikafungua. Ni vigae vimesagwa, safi, vimepimwa kwa kilo.

"Cucu, hata sisi tunauza," akasema. "Huyu fundi wetu ndiye anapakia."

"Kila wiki unapakia," msichana akamwambia fundi, "halafu ya shosho unamwaga kwa barabara. Kweli wewe ni fundi."

Fundi alishika kichwa. Mimi nilicheka mpaka nikakalia gunia. Miaka yote hiyo nimefunga mlango wa ghala, kumbe kitu kiko dukani, na bei imebandikwa.

Sikutaka cha mfuko. Tulisaga vile vipande vilivyopasuka, palepale sakafuni, mimi nikiamuru na fundi akisaga. Tukachanganya na ule udongo wa ndoo, nikang'ata, nikamwambia naye ang'ate. Aling'ata, akatema, akasema sasa ameelewa. Nikafinyanga vyungu viwili kwa mikono, bila gurudumu, na wale wa magurudumu wakaacha kazi yao wakaja kusimama kuangalia.

Baada ya siku kumi vilikuwa vimekauka na kuchomwa. Mwezi ulikuwa umebakisha siku tatu. Usingizi ulikuwa umenikataa, nikafika Kitale kabla hawajafungua duka. Fundi aliponiona akasema, "Kukhu, mimi pia sijarara." Akainua kifuniko. Vyungu vilikuwa vimekaa huko chini, vyekundu, vizima, kama viko kwao. Nikagonga kimoja kwa kidole, kikalia kama kengele. Nikagonga tena. Halafu nikatoka nje kusimama kidogo, kwa sababu miguu ilitaka kucheza na mimi ni mama wa kanisa.

Mwenye duka alinifuata nje. "Lete magunia kumi, cucu. Na Alhamisi uje ufundishe hawa watu kufinyanga na mikono."

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Nikaita kijana wangu, bibi yake na wajukuu wote, nikawasimamisha uwanjani, na hakuna aliyethubutu kukaa. Nikawaambia: "Kesho kabla ya chai kila mtu wa boma hili awe mtoni na gunia. Asiye na gunia abebe karai. Na hao wa matofali wakikuja, wapeni maji ya kunywa, halafu waambieni warudi kwao."