Kikohozi Mlangoni

Watu wa mtaa wa Sakina walimwonea wivu Lesian. Kijana anakaa chumbani kwake, anapokea simu za wageni wa ng'ambo wanaotaka kubadilisha tarehe za hoteli, na mwezi ukiisha analipwa bila kula vumbi la barabara ya Nairobi. Wasichokijua ni kile kitaa cha kijani kinachowaka pembeni mwa kompyuta. Akiinuka zaidi ya dakika tano kinageuka kuwa chekundu, na mkubwa wake huko aliko anakiona. Alikwisha kupewa onyo moja, na aliambiwa la pili ndilo la mwisho.

Ili asichanganyikiwe, alijiwekea taratibu. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati na viatu, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyefika ofisini. Manase, fundi magari jirani yake, alimcheka mpaka spana ikamdondoka. "Umefika salama, bosi? Foleni ilikuwaje?" Acha acheke. Taratibu zile zilimfaa, na kwa miezi saba Lesian alifanya kazi yake kwa furaha.

Kisha Naisula, mkewe, akajifungua, na mama yake akaja kutoka Oldonyo Sambu kumwangalia mzazi. Hapo ndipo mambo yalipokorogeka. Kwa desturi ya kwao, mwanamume hamkaribii mama mkwe wake: hawali pamoja, hawapishani mlangoni, hawatazamani usoni. Zamani haikuwa taabu, maana mwanamume alikwenda zake malishoni akarudi jioni. Walioiweka desturi hiyo hawakuota kwamba siku moja mwanamume atashinda ndani kutwa nzima, amevaa viatu, anaongea na ukuta.

Basi wakapatana, na mpatanishi alikuwa Naisula. Mama akitaka kupita koridoni atakohoa; Lesian akisikia kikohozi atabaki chumbani mpaka hatua ziishe. Neno jingine lolote litapitia kwa Naisula. "Mwambie baba mtoto, uji uko tayari." "Mwambie mama, ahsante." Lesian aliacha hata kunywa maji asubuhi, asije akahitaji choo. Alimwogopa yule mama kuliko taa nyekundu.

Lakini hofu iliyomnyima usingizi ilikuwa nyingine. Naisula alipoteza damu nyingi siku ya kujifungua, na nesi aliwaambia waziwazi: ikianza tena, msingoje hata chai ichemke, mleteni. Kila alipokuwa katikati ya simu, mawazo ya Lesian yalikuwa chumba cha pili, ambacho hakuweza kuingia kwa kuwa mama mkwe yumo.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alikuwa akimtuliza mteja mkali aliposikia kikohozi. Akatulia. Kikaja kingine, kirefu zaidi. Akasema moyoni, leo mama ana safari nyingi. Cha tatu kilitokea karibu kabisa na mlango wake, na hatua hazikufuata. Mtu amesimama pale. Amesimama kwa ajili gani? Alitaka kuinuka. Akakitazama kitaa cha kijani, akautazama mlango, akaviogopa vyote viwili, na adabu ikampa kisingizio. Akabaki kitini.

Mlango ukafunguliwa. Lesian akafunika uso kwa viganja, kama alivyolelewa.

"Lesian!" Mama hakuwa amewahi kumtaja jina. "Toa mikono, nitazame! Mwanangu anakufa."

Akatazama. Khanga ya mama ilikuwa imelowa damu hadi magotini. Mpatanishi wao alikuwa amelala hajitambui, na mama wa watu hakuwa na njia ya kumwita mkwewe ila ile waliyopatana, ambayo maana yake ilikuwa kaa humo humo.

Lesian alivua hedifoni, mteja akimsemesha bado, akakimbilia chumba cha pili na kumbeba mkewe. Alikuwa mwepesi wa kutisha. Manase aliwasha gari bila kuuliza. Kwenye kiti cha nyuma mama na mkwe walibanana bega kwa bega, kichanga kifuani kwa bibi yake, kichwa cha Naisula mapajani kwa mumewe. "Usilale, mke wangu, nakuomba, usilale." Safari ile fupi aliiona haina mwisho.

Hospitalini wakampokea na kumwingiza ndani. Wale wawili wakabaki kwenye benchi moja, hakuna aliyekumbuka kusogea. Saa mbili zikapita ndipo daktari alipotoka.

"Yu hai," akasema. "Tumemwongezea damu. Ila mmechelewa. Robo saa nyingine tungekuwa tunasema mengine."

Alipoondoka, mama akamgeukia Lesian na kumtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usijilaumu, mwanangu," akasema. "Ulikuwa umeziba masikio na ile mitambo yako. Hukunisikia, sivyo?"

Alikuwa amemfungulia njia ya kupita. Lesian angetikisa kichwa tu, na jambo lingeishia hapo, lisisemwe tena na mtu yeyote.

"Nilikusikia, mama," akasema. "Mara zote tatu."