Kuni za Golbanti

Gershom Buya alikuwa mwalimu wa shule ya misheni pale Golbanti, lakini watu walimjua zaidi kwa chumba chake. Mwaka hamsini na mbili mchungaji alimpa ghala kuukuu la pamba, naye akalijaza vigoda, pawa, ngoma na mizinga ya nyuki, vyote vya mti, vyote kazi ya Wapokomo wa zamani. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo ya kukusanya na kutambua vitu. Alizungukia vijiji akiuliza: nani alichonga hiki, naye alijifunza kwa nani? Mwishowe ikawa akipapasa tu alama za tezo, anamtaja fundi. Wageni walitoka hata Kipini kuja kutazama.

Mwaka wa tano tangu apewe ghala, mto ulifurika. Ghala lilikuwa mahali pa juu, basi familia kumi na moja zikahamia humo. Siku ya tatu ukaletwa unga kwa mtumbwi, lakini kuni hakuna. Kila mti umelowa. Watoto walilia mpaka wakachoka kulia.

Rebecca, mkewe, akamwendea. "Baba Florence, watu wanavitazama vitu vyako."

"Nimeona."

"Basi sema wewe. Wao wanakuonea haya."

Gershom aliinuka. Alichukua shoka, akaanza na mizinga. Jioni zikafuata ngoma. Kesho yake, pawa. Kila alichokishika alijua ni cha nani, na hakuwa na neno la kumwambia mama mwenye mtoto ili kibaki. Cha mwisho kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakuwahi kuona mfano wake katika vijiji vyote vya mto. Hapo mkono ulimkataa, akampa mwingine shoka. Kilishika moto upesi, sima ikaiva. Naye alikula.

Maji yalipopungua alikwenda kwa Mzee Bule, fundi pekee aliyekuwa bado hai, akamkuta amekaa mlangoni.

"Mzee, nichongee kimoja tu. Kile cha miguu mitatu, alichokichonga fundi aliyekufundisha."

Bule alinyoosha mikono, ilikuwa ikitetemeka. "Macho yamekwisha, mwanangu. Kwani chenyewe si unacho kule ghalani?"

Gershom aliketi kando yake, akamwuliza shamba lake limebaki na nini. Walikaa mpaka adhuhuri wakizungumza habari za mbegu za mpunga, ambazo zilikuwa zimechukuliwa na maji, kisha akaaga.