Minyoo Niliyoizika kwa Mama Mkwe

Siku ninayoikumbuka sana, Mwanangu, ni ile niliyozika minyoo ya punda kando ya ua wa mama mkwe, nikajipongeza kwamba nina adabu.

Usicheke kwanza. Shule mimi niliiacha darasa la tatu, lakini namba nilizijua, na namba ndizo zilizonipatia ile kazi. Nilikuwa kijana wa kutafuta mke, nimetoka kwetu upande wa Rongo nikaja huku Rangwe, maana kule kwetu wasichana walishanijua. Hayo tuyaache.

Punda wa huku walikuwa wakiumwa tumbo. Unamwona amebeba maji vizuri, ghafla analala, anajigaragaza, anageuza shingo kutazama mbavu zake kama mtu aliyeangusha kitu. Wengine walikufa hivyo hivyo. Basi akaja daktari wa mifugo kutoka Migori, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi. Akasema hiyo ni tegu, ile minyoo bapa, na dawa anayo, ila lazima aijaribu kwanza. Wenyewe tukikubali, atachukua punda kumi na wawili. Sita watapakwa mdomoni dawa ya kweli, sita watapewa uji unaofanana nayo lakini hauna kitu ndani, ili ajue kama punda amepona kwa dawa au kwa majani mapya ya mvua. Nani amepewa nini atajua yeye peke yake. Dawa ikishinda, punda wote wa kijiji watapewa. Watu wakakubali.

Kazi yangu ilikuwa kufuata mavi. Ndiyo, mavi. Kazi ni kazi, bora mkono uende kinywani, ingawa kwa kazi ile ilibidi uoshwe kwanza. Kila punda alifungwa peke yake, na siku ya pili baada ya dawa kila alichotoa kilipaswa kuingia katika mfuko wenye namba yake.

"Kijana, usichague na usipunguze," daktari aliniambia. "Ukiona kitu, kiweke. Kuchagua ni kazi yangu."

Sasa, punda mmoja alikuwa wa Mama Akinyi, mjane. Akinyi ndiye msichana niliyekuwa namtaka, na mambo ya posa yalikuwa yameanza kuzungumzwa. Punda mwenyewe alikuwa jike mwenye mimba, na jina lake Chifu, kwa sababu haondoki mahali mpaka abembelezwe. Mama Akinyi hakuwa na mgongo mwingine wa kumletea maji.

Wewe unajua sisi Wajaluo na mama mkwe, yule tunayemwita maro. Humtazami usoni, huli mbele yake, hata mzaha humfanyii. Haya, fikiria umechuchumaa nyuma ya mkia wa punda wake na mfuko mkononi, na yeye yuko mlangoni pa jikoni anapepeta mtama.

Chifu akatoa. Nikaangalia, nikaona vipande vyeupe, bapa, kama mbegu za boga, na vingine bado vinajikunja. Nikajiambia, watu wakiona haya, boma la kina Akinyi litaitwa boma la wadudu. Nikachukua kijiti, nikavitoa kimoja kimoja, nikachimba kando ya ua, nikafukia. Mfukoni nikatia mavi safi, kama mavi yanaweza kuitwa safi. Nikaondoka natembea kama bwana harusi.

Baada ya siku chache daktari akarudi na kitabu chake, akatukusanya hapo hapo kwa Mama Akinyi.

"Dawa inaonekana nzuri," akasema. "Waliopewa wametoa minyoo, isipokuwa mmoja. Chifu alipewa dawa ya kweli. Kabla ya dawa alikuwa amejaa mayai ya tegu, na sasa sikuona hata kipande. Inaonekana dawa imeshindwa kwake. Itabidi nimpe nyingine, kali zaidi. Mimba yake naiogopea, lakini tegu wengi hivyo watamuua."

Akaanza kufungua mkoba. Mwanangu, nilitazama vidole vyangu vya miguu, nikavihesabu. Vilikuwa kumi. Nikavihesabu tena.

Mama Akinyi akaweka ungo chini. Hakunigeukia mimi, adabu haikumruhusu. Akamgeukia punda.

"Chifu, si umwambie daktari kile ulichozikiwa pale kwenye ua? Ama na leo unangoja ubembelezwe?"

Mzee Ouma, jirani aliyekuwa na punda namba saba, akapasuka kicheko. "Kumbe punda wa huku wana matanga!"

Hapo nikasema yote. Daktari akafunga mkoba. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Na mifuko ile mingine, ulitoa nini?"

Nikaapa sikutoa kitu.

"Nakuamini," akasema, "lakini kitabu hakiwezi kukuamini." Akapiga mstari ukurasa mzima. Jaribio litaanza upya baada ya mvua, na mifuko itabebwa na mtu mwingine. Mpaka hapo, dawa haigawiwi.

Watu walipotawanyika, Mama Akinyi akaniita. Mimi nje, yeye ndani, ukuta wa jikoni kati yetu.

"Nilikuona ukichimba," akasema. "Nikanyamaza, kwa sababu mkwe haitwi akiwa kwenye mkia wa punda. Kosa hilo ni langu, nalibeba. Lako ni hili. Minyoo ikiwa ndani ya punda ndiyo aibu. Ikitoka nje, hiyo ni sherehe. Wewe ulizika sherehe yangu."

Chifu alizaa salama. Akinyi nilimwoa hata hivyo, usiniulize walinikubalia nini. Lakini punda wa Mzee Ouma, ambaye kumbe alipewa ule uji mtupu, alikufa kwa tumbo kabla dawa haijarudi. Mzee hakunilaumu. Alipita kwetu akijibebea maji mwenyewe begani, na salamu akanipa kila siku.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya punda wa huyu, kifo kikamkuta wa mwingine. Hapo methali haikunionya.

Kwa hiyo Mwanangu, ukipewa kazi ya kuangalia, sema ulichokiona, hata kama kinakutia haya mbele ya unaowapenda. Usiwapambe kwa kupunguza ukweli wao, kwa maana hujui ni nani anayeungoja. Ukikosea, kiri siku hiyo hiyo, ulimi ukiwa bado mwepesi. Na wewe utakapokuwa mkubwa, ukimwona kijana anachimba shimo, adabu iweke kando kidogo, mwite.

Mungu wetu Nyasaye akupe macho yasiyochagua na mdomo usiochelewa. Mifugo yako izae, maji yasikauke nyumbani kwako, na wakwe zako wakupende wakikujua ulivyo.