Ijumaa za Mochari

Nilipokuwa kidato cha pili, mimi na rafiki yangu tulikuwa tunatoroka shule kila Ijumaa na kwenda mochari. Mjini Eldoret msichana mwenye sare akionekana sokoni saa nne anaulizwa maswali. Mochari hakuna anayekuuliza. Ijumaa watu huchukua miili kuipeleka nyumbani, vijijini Soy au Ziwa, na sisi tuliimba nao, tukajiliza kidogo, tukapewa soda na mkate. Njiani tukirudi tulicheka. Tulikuwa na roho mbaya, sitaki kuipamba.

Kuna wiki tulitoroka tangu Jumatatu. Ijumaa yake, mkate ukiwa bado mdomoni, nikaona basi la shule yetu likiingia. Nilijua tumesakwa. Lakini darasa letu lilishuka kimya, na aliyetangulia alibeba picha ya msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Alianguka darasani Jumatatu ile ile, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Shule nzima ilijua, isipokuwa sisi wawili.

Mwalimu mkuu alinijia, nikakaza uso kungoja kofi. Hakujua lolote. Alinishukuru kwa kutangulia, akanipeleka kwa mama wa marehemu.

"Mama, huyu ndiye walikuwa wanakaa pamoja."

Mama yule alinishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye ulikuwa karibu naye akianguka," akasema. "Niambie, alisema nini?"

Watu wote waliningoja.

"Alikuita, Mama," nikasema.