Makofi Matangani kwa Kina Aloo

Aloo wa mtaa wetu wa Nyalenda hakuwa na sauti. Ukimtuma chumvi anarudi mikono mitupu, eti ameona haya kumwita mwenye duka. Mimi Zeituni, jirani yao ukuta kwa ukuta, nilimwambia mamake, "Mama Aloo, mficha uchi hazai. Huyu ataibiwa hadi jina."

Ndipo Wabwire, anayefundisha vijana maigizo, akampa sehemu ya mjane anayenyang'anywa nyumba na shemeji. Wallahi sikuamini. Msichana alisimama katikati ya uwanja akawauliza wanaume wazima, "Mlikuwa wapi tukimuuguza?" Mtaa mzima ulilia. Tangu siku hiyo Aloo akawa mtu mwingine. Sokoni anabishana bei, kanisani anasoma, na mimi natamba naye kama nilimzaa.

Mwaka jana babake akafa. Tulienda kumzika kwao, upande wa Sondu. Jeneza halijashushwa garini, baba mdogo wake, Okinyi, yuko kwenye simu na mnunuzi wa ile nyumba ya Nyalenda. Nyumba ambayo Mama Aloo alibeba mawe yake kichwani. Hata haya hakuona.

Watoto walipoitwa waseme, Aloo akashika kipaza sauti. Alimtaja Okinyi kwa jina. Alisema nyumba ni ya mamake na hakuna wa kuiuza. Halafu likamtoka lile swali, "Mlikuwa wapi tukimuuguza?"

Watu wa Nyalenda wakalitambua. Wakapiga makofi, wajinga wale, wakidhani anawaigizia tena ule mchezo.

Okinyi ni mjanja. Matanga ya huku yana pakruok: mwenye kutaka kujisifu hutoa noti, msemaji akakatizwa. Akaja na noti yake, akamnyang'anya mtoto kipaza sauti. "Mwigizaji huyu ni damu yangu, mimi Okinyi mwana wa Sondu." Muziki ukafunguliwa, watu wakacheza. Mama Aloo alikaa kando ya jeneza akitazama chini.

Mwezi haukuisha, nyumba ikauzwa.

Nilimsindikiza Aloo kushtaki kwa wakubwa. Alieleza yote, taratibu. Karani alimsikiliza akitabasamu, kisha akasema, "Si ni wewe yule mjane wa uwanjani? Hebu rudia ile ya mlikuwa wapi."

Nilitamani kumzaba kofi. Aloo alichukua mkoba wake tukatoka. Tukarudi kwangu, wanakolala siku hizi yeye na mamake.