Nishani kwenye foleni ya kahawa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mizani ya kahawa pale Mlowo, na masikio yangu, mnayajua, hayana adabu. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye binti wa kuolewa. Akaja kijana aliyerudi vitani Uganda, kifua mbele, nishani inang'aa. Akamtua mama gunia, kisha akaomba alete wazee wake kuposa.

Mama akaishika ile nishani kwa vidole viwili, akaigeuzageuza kama karani anavyokagua punje.

"Daraja la ngapi hii?"

"La tatu, mama."

Akaiachia haraka, akapangusa vidole kwenye kanga. "La tatu! Baba, hapa daraja la tatu ni punje zilizotobolewa na wadudu. Mwanangu nimemlea daraja la kwanza mimi!"

Foleni nzima tukacheka. Kijana jasho likamtoka, lakini hakuondoka.

"Mama, wenzangu wa daraja la kwanza, nishani zao zilipokewa na wajane wao. Yule wa la pili ameacha mguu kule."

 Mama akamtazama miguu yote miwili, akamgonga goti kama anayenunua ng'ombe mnadani.

"Basi walete wazee Jumamosi. Na hilo daraja la pili usilitafute!"

Nami nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu amelala kivulini, miguu yake yote miwili ameinyoosha, mtu ambaye hajawahi kupewa nishani hata ya daraja la kumi. Alipoamka kula, nikamwongezea mchuzi.